Sura ya Ami Bakhit Ndani ya Lifti

Na msinirudishie tena hilo neno lenu la "ni filamu tu, Nesma." Nimelisikia tangu Jumatatu mpaka masikio yananiuma. Filamu yenyewe ilikuwa wapi? Haikuwa imepigwa hata dakika moja! Hao wanafunzi wa filamu walikuwa bado wanajipanga, wanapima mwanga, wanahesabu ngazi, wanachora vijitu vyao kwenye daftari, na tayari wameshammaliza mtu. Tena mtu mzima mwenye jina lake, Ami Bakhit, bawabu wa jengo namba kumi na nne, anayekaa hatua sita kutoka kwenye meza yangu ya pasi.

Najua ile picha yake imefika kwenye simu mpaka mitaa ambako hawamjui. Basi mimi ninayemjua nitawaambia ni nani, halafu mtaona aibu wenyewe.

Ami Bakhit alikuja hapa Kairo, mtaa wetu wa Shubra, kutoka kwao Kom Ombo, kusini kabisa mwa nchi, akiwa na miaka kumi na tisa na kanzu mbili. Mjomba wake ndiye alikuwa bawabu, akazeeka, akamwachia funguo na chumba cha chini ya ngazi. Hii ni miaka ishirini na sita. Amelea humo binti yake, Rahma, mpaka akasoma, na leo anauza dawa kwenye famasi. Yeye mwenyewe hajui kusoma. Namba anazijua, maana mita za umeme za jengo zima anazo kichwani, lakini herufi hapana. Pampu ikifa, anapanda ghorofa sita na ndoo. Mimi baba yangu alipoumia mgongo nikabaki peke yangu na duka, wanaume wa mtaa wakasema msichana hawezi pasi nzito, Ami Bakhit akaniletea nguo zake mbili mbele yao wote, akasema kwa sauti, "Nipigie hizi, fundi." Fundi! Nilikuwa na miaka kumi na nane. Tangu siku hiyo jengo lote linaleta nguo kwangu.

Na kuna hili, ndilo linaloniunguza. Kwetu hapa mtu akitaka kuoa, watu wake hawaanzii sebuleni kwa msichana. Wanaanzia langoni. Wanamuuliza bawabu, kisha muuza mboga, kisha mimi, maana mpiga pasi anajua kola za watu. Ami Bakhit ameulizwa habari za mabinti kumi na mmoja wa jengo lile. Kumi na mmoja! Wote wameolewa. Mmoja wao ni binti mkubwa wa Madam Inshirah wa ghorofa ya nne. Kulikuwa na jambo pale nyumbani kwao mwaka ule, na mimi silisemi, kwa sababu yeye hakulisema. Wakwe walipomuuliza aliwaambia, "Watu wema. Mimi ni mfungua lango, si mfungua siri za watu." Wakanywa chai yake, wakapanda juu, wakaposa.

Sasa njooni kwa hao wasomi.

Walikuja wiki tatu kabla ya Jumatatu hiyo kutoka chuo cha filamu, watatu, na mkuu wao ni huyo Seif mwenye nywele kama kichaka. Wanataka kutengeneza filamu fupi ya kutisha, ndiyo mtihani wao wa mwaka. Walitaka jengo la zamani lenye lifti ya mlango wa nyavu. Wamezunguka Kairo nzima mabawabu wanawafukuza. Ami Bakhit akawakaribisha, akawawekea chai.

Na kazi yote ya kujiandaa nani kawafanyia? Yeye! Aligonga kila mlango kuwaombea ruhusa. Aliwaambia jua linaingia kwenye ule uwazi wa katikati ya jengo kuanzia saa nne mpaka saa tano na nusu, baada ya hapo giza, wasijisumbue. Aliwaambia ghorofa ya tano kuna Hajati kafiwa na mumewe, wasipige makelele kule mpaka arobaini ipite, nao wakabadilisha ratiba yao. Siku moja wamekaa mbele ya duka langu na daftari la michoro, kila mchoro ni kipande kimoja cha filamu, Ami Bakhit akainama kutazama.

"Huyu anayepanda na kisu ni nani?"

"Muuaji, ami."

"Anapandia wapi?"

"Ngazi kubwa."

"Ngazi kubwa? Mbele yangu?" Akamtazama Seif kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "We kijana, mimi nimelala au nimekufa?"

"Sasa apite wapi?"

"Ngazi za chuma za nyuma, za kuteremshia taka. Kule hata paka anapita bila salamu."

Seif alimkumbatia. "Ami, wallahi wewe ndiye profesa wetu!" Wakafuta michoro minane, wakaichora upya. Mimi niko pale na pasi yangu, naona kwa macho yangu.

"Na muuaji mwenyewe nani?" Ami Bakhit akauliza.

"Hiyo siri, ami. Filamu kama hii mwisho wake hausemwi."

"Haya. Nitamjua tukikutana."

Alicheka. Na wale watatu wakatazamana. Mimi ningeelewa kule kutazamana ningewamwagia maji ya pasi palepale.

Jumatatu asubuhi wakamwambia avae kanzu safi asimame langoni, eti wapime mwanga, mwigizaji wao hajafika. Kanzu niliipiga mimi. Akasimama, wakampiga picha, wakaenda nayo duka la fotokopi. Wakarudi na karatasi kubwa, sura yake juu, na chini herufi nyekundu: ANATAFUTWA KWA MAUAJI. Na jina. Jina lake lilelile, Bakhit! Kumbe muuaji wa filamu ni bawabu, na hawakuona haja hata ya kumtafutia jina jingine. Wakaibandika ndani ya lifti, chini ya kioo, waone kama kamera inasoma herufi kutoka mlangoni. Halafu njaa ikawauma. Wakaenda kula koshari! Wakamwambia tu, "Ami, lifti usiifungue mpaka turudi."

Madam Inshirah akatoka sokoni, mifuko miwili, na yale magoti yake. Ami Bakhit amwache apande ghorofa nne kwa miguu? Hawezi, hajaumbwa hivyo. Akafungua lifti kwa mkono wake mwenyewe. Na kwa kuwa hasomi, akidhani watoto wamemtundika kwa heshima, akamwonyesha kwa kidole, anatabasamu.

"Umeiona, madam? Wamenibandika. Nimetoka vizuri?"

Madam akatoa simu, akaipiga picha. Alipofika ghorofa ya nne picha ilikuwa imeshaingia kwenye grupu la jengo, na maneno juu yake: "Jamani, nimepanda na hii lifti, na mwenyewe ananichekea! Mungu atulinde." Adhana ya alasiri haijamalizika, shangazi yangu wa Helwani, mwisho wa mji kabisa, ananitumia picha ileile: "Nesma, huyu si bawabu wa jirani yenu? Fungeni milango!"

Nikakimbia kuing'oa. Nikamkuta Rahma ametoka kazini, amesimama mbele ya lifti, baba yake pembeni yake.

"Imeandikwa nini, mwanangu? Mbona umebadilika sura?"

Rahma hakutaka kusema. Baba akamlazimisha. Rahma akamsomea, polepole, neno moja moja. Ami Bakhit akavua kilemba, akakikunja kidogo kidogo.

"Na mimi nimemuua nani?" akauliza.

Nikaing'oa ile karatasi kwa kucha zangu.

Seif nilimkamata jioni ile ile.

"We Seif, njoo hapa!"

"Nesma, tulia, nimeshaeleza kwenye grupu. Mistari mitatu, na samahani nimeweka."

"Umewaeleza watu ishirini. Picha imekwenda kwa watu elfu!"

"Sasa nimfuate kila mtu na simu yake?"

"Ndiyo!"

"Keshokutwa tunaanza kupiga. Nina ratiba, nina mtihani."

"Mtihani! Hebu nijibu mtihani wangu mimi. Kwa nini muuaji ni bawabu?"

Akaanza kukuna kichwa. "Kwa sababu hakuna anayemwangalia bawabu. Mtazamaji hatamshuku, mwishoni anashtuka."

"Hakuna nani? Wewe umekunywa chai yake wiki tatu na hukumwangalia? Na mtazamaji gani atashtuka, we mwana? Kila bawabu ninayemwona kwenye picha zenu ni mjinga anayechekwa au mwizi. Ukitaka mtu ashtuke, fanya bawabu awe ndiye mwenye akili, maana ndivyo ilivyokuwa hapa hapa mbele yako!"

Akasema nina hasira sana. Kweli, ninazo! Na hasira hizo hizo ndizo zimeharibu, na hili nalisema mwenyewe kabla hamjalisema nyinyi.

Ijumaa hii iliyopita ilikuwa isomwe Fatiha ya Rahma, ile ya kufunga uchumba. Kijana ni fundi magari wa Imbaba, baba yake ni Haji Metwalli, walishakubaliana kila kitu. Jumatano, picha imeshamfikia, Haji akatuma neno: subirini kwanza. Alhamisi akaja dukani kwangu na shati mkononi. Shati limenyooka kama karatasi, halihitaji pasi wala nini. Nilijua amekuja kuuliza, kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza.

"Binti, hili litakuwa tayari lini?"

"Liko tayari tangu ulipoondoka kwako, haji."

Akatabasamu. Mtu mwenye adabu, siwezi kumsingizia. "Na huyo bawabu wenu," akasema taratibu, "ni mtu wa namna gani?"

Jamani. Maneno yote mazuri nilikuwa nayo. Miaka yote niliyomjua ilikuwa mdomoni mwangu. Badala yake nikafyatuka.

"Na wewe umekuja kumchunguza kwa ajili ya karatasi ya watoto wapumbavu? Mtu mzima, ndevu nyeupe, na shati la kujifichia?"

"Binti, nimeuliza kwa heshima."

"Na mimi nimekujibu!"

"Hujanijibu. Umefoka. Mtu akiulizwa habari njema hafoki." Akachukua shati lake, akaondoka. Akabaki anageuka geuka kuniangalia, kama kwamba mimi ndiye ninayeficha maiti.

Ami Bakhit alisikia yote kutoka kwenye benchi lake. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. "Nesma mwanangu," akasema, "ungesema tu watu wema. Ni maneno mawili."

Nililia kwenye mashuka ya wateja, sijui ya nani.

Haji alitoka kwangu akapanda kwa Madam Inshirah, na Madam akamwambia, "Mimi sijui lolote, mimi nakaa ndani kwangu." Nilipopata habari nikapanda ngazi mbili mbili.

"Madam, umesema hujui?"

"Nimesema uongo? Nimesema sijui."

"Miaka ishirini anakubebea mifuko, hujui?"

"Picha niliiona kwa macho yangu, Nesma."

"Na maelezo ya Seif hukuyaona kwa macho hayo hayo?"

"Niliyaona." Akashusha sauti. "Lakini maneno yakishatoka, mtu anaogopa kuyaingilia. Mimi nina mabinti, usisahau."

"Na yule mkubwa nani alimsemea pale chini?"

Akarudi ndani. Akafunga mlango polepole, taratibu kabisa, bila kuubamiza. Angeubamiza ningemsamehe kidogo.

Na Ami Bakhit, huyo ndiye mtu wenu wa kutafutwa. Tangu siku ile anafagia, anapandisha mikate, anafungua lifti, lakini watoto wa ghorofa ya pili wameambiwa wasisimame naye. Rahma anaenda kazini macho chini. Wenye filamu wanapiga filamu yao jengo jingine, na kwa ngazi za nyuma, maana akili ile ya Ami Bakhit hawakuiacha, wameichukua wakaenda nayo.

Haji Metwalli hajasema hapana. Amemwambia Rahma kwamba ataendelea kuuliza mtaani mpaka Ijumaa ijayo, na baada ya sala atatoa jibu. Kwa hiyo bado anapita. Mzee mrefu, fimbo nyeusi, atakuja kwako na kisingizio chochote, atanunua nyanya moja, ataulizia njia anayoijua. Mimi hawezi kuniamini tena. Mmebaki nyinyi.

Basi akikuuliza, jibu. Usimwambie hujui. Muuza mboga, we ulitafutiwa kitanda cha hospitali na nani mama yako alipougua? Sema. Hajati, nani alizuia makelele kwa ajili ya arobaini yako? Sema. Madam Inshirah, magoti yako yanaweza kushuka, kwani sokoni unafikaje? Shuka useme. Na wewe Seif, acha kamera, panda basi uende Imbaba na daftari lako la michoro, umwonyeshe Haji kwa mikono yako mwenyewe karatasi ile ilitoka wapi.

Na wewe uliyenayo hiyo picha kwenye simu, usinitumie pole. Mwandikie kila uliyemtumia kwamba ni uongo, kisha uifute. Sasa hivi, kabla hujaiweka simu chini.