Samaki wa Mkwe

Kwetu mama mkwe hamsemeshi mkwewe wa kiume. Hampi mkono, hali naye, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Wapo wanaosema mila hii imekwisha, na mjini Makambako nimeona kwa macho yangu wakwe wakila chipsi meza moja na mama wa wake zao. Mimi ni wa kijijini Kichiwa. Nimeishika mila hii kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu niliiona nzuri, kwa sababu yule kijana aliyemuoa binti yangu sikuwa na la kumwambia.

Kisha akaniletea samaki, nikawa na mengi.

Bwawa langu liko bondeni, chini ya nyumba. Mimi na marehemu mume wangu tulikinga chemchemi kwa tuta la udongo, tukaacha visiki vya miti ya miwati humo humo majini kwa kuwa hatukuwa na nguvu za kuving'oa. Nikafuga samaki aina ya perege. Vifaranga wangu walikuwa na afya, na sioni haya kujisifu kwa kitu nilichokihudumia mwenyewe, asubuhi za umande ulioganda nikiwa pekupeku. Akina mama wa kikundi chetu walipoamua kuchimba mabwawa yao, tulikubaliana kwamba mbegu itatoka kwangu. Walichimba kwa majembe mpaka migongo ikawauma. Mabwawa yalikuwa tayari, na mimi niliwaahidi vifaranga kabla ya mvua.

Sasa huyu mkwe wangu ni dereva wa lori, anasomba majani mabichi ya chai huko Lupembe, nyumba yake iko Makambako. Katika bwawa moja la mashamba ya chai kuna samaki walioachwa na Wazungu, watu wanawaita besi. Huyo samaki ndiye dini ya mkwe wangu. Jumamosi akikosa kwenda kuwavua, binti yangu anasema hata chai hainyweki nyumbani.

Alikuja na ndoo mwaka jana. Nilipoona lori limesimama nikaingia jikoni, kama inavyopasa, na yeye akashuka moja kwa moja bondeni akawamwaga samaki majini. Ndipo akamtuma mkewe aniambie, "Mama, mkwe wako amekuletea mbegu bora, hawa wanakua kuliko perege." Zawadi ya mkwe haikataliwi, wala haikaguliwi akiwapo. Nilishukuru nikiwa nyuma ya ukuta, na nikamfungia kuku wa kurudi naye. Ndiyo, nilimpa kuku mtu aliyetoka kuniharibia bwawa, na kuku mwenyewe alikuwa anataga.

Baridi ilipokwisha nikaanza kushangaa. Zamani nikimwaga pumba maji yalikuwa yanachemka kwa vifaranga. Sasa pumba ilielea mpaka ikalowa ikazama. Perege wakubwa walikuwepo, wamenona, wanazaa, lakini watoto hawaonekani. Siku moja nikiwa nimechutama kwenye tuta nikaona chura anaogelea kuelekea kisiki cha katikati. Maji yakafumuka, chura hayupo. Likatokea domo pana kama la mfuko, likafumba, likazama. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilikuwa nimemshukuru.

Nikajaribu wavu wa kuazima. Ukanasa kwenye visiki, ukachanika, nikarudi kuomba radhi kwa mwenyewe. Kufungua maji ndiyo ingekuwa dawa, lakini ulikuwa msimu wa vinyungu, bustani zetu za bondeni za kiangazi. Chini ya tuta langu bonde zima lilikuwa kijani, maharage, kabichi, mahindi ya kuchoma, na kila kinyungu kinakunywa maji yangu kidogo kidogo. Ukivunja tuta kiangazi, siku ya kwanza unawagharikisha watu na siku zinazofuata unawakausha. Mtu wa namna hiyo hasemehewi hata na mchungaji.

Nikampigia binti yangu simu. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa, na nikamwambia asiyapunguze hata moja atakapoyafikisha.

Mkwe alikuja Jumamosi iliyofuata, na akaendelea kuja. Nitasema haki yake: alivua. Mmoja baada ya mwingine aliwatoa, akawaua, akawapanga kwenye majani. Mwishoni binti yangu akaja kuniambia, "Anasema amebaki mmoja tu. Wote aliowaleta anawajua." Lakini huyo mmoja alikuwa jeuri. Hakuondoka kwenye kisiki cha katikati, usiku wala mchana, na alikuwa amekwishajua kishindo cha hatua za mkwe wangu. Akisikia buti tu, anatulia.

"Basi nitamvua mimi," nikasema.

"Mama, wewe huwezi kukaa na mkweo huko akufundishe."

"Atakaa ng'ambo. Wewe utasimama kwenye tuta."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuvua besi, nikiwa nimemgeuzia mwalimu mgongo nusu, naye amenigeuzia wake, na binti yangu katikati akipeleka maneno huku na huko.

Mkwe alikuwa na fito mbili za kuvulia za dukani, zenye rili ya kukunjia mshipi. Moja ilikuwa nyepesi, inapinda mpaka kwenye mpini, nikaipenda mara moja. Akaikataza. Kwa kinywa cha binti yangu akasema kwamba fito hiyo ni ya kutupia chambo chepesi mahali peupe. Penye visiki unataka fito yenye ncha laini ya kuhisi lakini kiuno kigumu, ili samaki akishikwa umgeuze kichwa kabla hajazungusha mshipi kwenye mzizi. Mshipi nao uwe mnene. Nikamtumia swali: mbona samaki mjanja hivyo asiuone mshipi mnene? Jibu likarudi kwamba maji yangu yana tope. Nililichukulia kama tusi, ingawa yana tope kweli.

Chambo kilikuwa mnyoo wa mpira. Minyoo hiyo anaiagiza Dar, inakuja na basi kwenye kifurushi kidogo, laini kama sikio la ndama, na ina harufu ya duka la viatu. Ipo ya kijani, ya kahawia, myeusi, mingine ina vimetameta. Mimi ningechagua inayong'aa. Kwa maji ya tope, akasema, ni myeusi, kwa sababu samaki anaiona kama kivuli. Unaingiza ndoano kichwani mwa mnyoo, unaitoa, unaigeuza, kisha ncha yake unairudisha ndani ya mpira isionekane. Kwa namna hiyo inapita kwenye mizizi bila kunasa. Mbele yake kuna chubwi ndogo ya risasi ya kuzamishia, yenye tundu, inayoteleza kwenye mshipi, ili samaki akiubeba mnyoo asihisi uzito.

Hapo nilikubali moyoni kwamba kijana anajua kitu. Sikutuma ujumbe wowote kuhusu hilo.

Tatizo lilikuwa mikono yangu. Kwetu perege huvuliwa kwa tonge la ugali na boya la kibua cha muhindi. Perege anadonoa kama kuku, boya likitikisika tu unavuta, ukichelewa ugali umeliwa. Nimevua hivyo tangu nikiwa binti. Kwa hiyo kila mara yule jeuri alipogusa mnyoo, mimi nilivuta, na mpira ukarudi umekatwa mkia.

"Mama, anasema usivute."

"Mwambie sijavuta."

"Mama, anasema ameona."

"Mwambie asiniangalie!"

Nikasikia anahema ng'ambo. Halafu ujumbe: "Anasema haraka haraka haina baraka." Nilitamani kumrushia buti lake mwenyewe. Mtu amelijaza bwawa langu majambazi, halafu ananipa methali.

Lakini usiku nililala nikifanya mazoezi kwa mkono mtupu juu ya blanketi. Tupa ng'ambo ya kisiki, usitupie juu yake. Acha ndoano izame, usiivute. Tazama mshipi unapoingia majini, kwa sababu besi hadonoi. Anavuta mnyoo na maji yake kinywani, na wewe unachoona ni mshipi unaotembea pembeni peke yake. Hapo ushushe ncha ya fito, ukusanye ulegevu wa mshipi, uvute mara moja kwa nguvu zote. Akishikwa, weka fito chini, pembeni, asiruke, maana akiruka anatikisa kichwa na kuitema ndoano. Niliyajua hayo kama maswali ya kipaimara. Mikono tu ndiyo ilikuwa bado haijaokoka.

Jumamosi ya mwisho akina mama walikuwa wengi kwenye vinyungu, wanamwagilia. Mwenyekiti wa kikundi chetu, mwanamke mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alipanda mpaka kwenye tuta akanisalimia. "Kamwene, mama. Mabwawa yetu yanaota nyasi. Hao vifaranga ni wa mwaka huu au wa wajukuu?" Akacheka. Sikucheka. Nilimwambia asubiri hapo hapo aone.

Nikatupa. Chubwi ikagonga maji nyuma ya kisiki, mnyoo ukazama. Nikatikisa ncha kidogo, nikaacha. Nikatikisa, nikaacha. Mshipi ukaanza kutembea kwenda kushoto, polepole, kama mtu anayeondoka kikaoni bila kuaga. Mikono yangu ikataka kuvuta. Nikaing'ata midomo. Nikashusha fito, nikazungusha rili, nikavuta kwa hasira yote ya mwaka mzima.

Alikuwa mzito. Akaingia upande wa visiki, nikamgeuza. Akapanda kuruka, nikalaza fito mpaka ncha ikagusa maji. Binti yangu anapiga kelele, mwenyekiti anapiga kelele, na samaki akaamua kukimbilia ng'ambo, miguuni pa mkwe wangu, palipo na mzizi mkubwa. Yule kijana alisimama tu. Alikuwa ameangalia pembeni, kwa adabu, akisubiri kutumiwa ujumbe.

"Mkamate, wewe mpumbavu!" nikamwambia. "Mkamate!"

Bonde lote lilisikia. Kijana akaruka majini na suruali yake, akaingiza kidole gumba kinywani mwa samaki, akamshika taya la chini na kumnyanyua. Samaki akanyooka, hana ujanja tena. Mwenyekiti alishika kiuno akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Umemsemesha mkwe! Hapo kuna kuku wa kusafishia midomo, mama." Nikasema nitatoa hata mbuzi. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Mkwe alimlaza samaki kwenye nyasi mbele yangu, macho yake chini, nami nikamtazama adui yangu vizuri kwa mara ya kwanza: kijani mgongoni, mweupe tumboni, na ubavuni mstari mmoja mweusi umelala kutoka jichoni hadi mkiani.

Akina mama wakapanda kutoka vinyunguni na ndoo zao za kumwagilia. Wakanipongeza, wakapiga vigelegele. Mmoja wao aliyesogea kwenye maji akaita, "Jamani, mbona mbegu ipo! Njooni muone, wamejaa!"

Kweli. Kando ya kisiki, pale pale yule jeuri alipokuwa hatoki, wingu jeusi la samaki wadogo lilikuwa linasogea polepole, limetawanyika kidogo sasa, kama watoto walioachwa na mwalimu. Mwenyekiti alikwisha kujaza ndoo yake maji. Mwingine akaja na chujio la chai kutoka jikoni kwangu, akachota, akaniletea mkononi. "Mama, Mungu ni mwema. Tugawane leo leo kabla hujaghairi."

Kifaranga wa perege ana mistari ya kusimama, mingi, hafifu, ubavuni. Hilo nalijua kuliko ninavyojua vidole vyangu. Hawa waliokuwa wakirukaruka kwenye chujio walikuwa na mstari mmoja. Mweusi. Umelala.

Niliinua macho, na mkwe wangu alikuwa amekwisha kuona. Alikuwa ananitazama usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, suruali imelowa, mdomo wazi. Binti yangu alituangalia mmoja baada ya mwingine, akisubiri nani ampe neno la kupeleka. Hakuna aliyempa. Akina mama walikuwa wamejaza ndoo zao maji na kuzipanga kwenye tuta, mstari mzima, wanawake waliochimba kwa majembe kwa sababu ya neno langu, na hawakujua. Ningenyamaza tu wangekwenda nao nyumbani wakiimba.

Nikalikung'utia chujio kwenye nyasi, nikakanyaga.

"Mwageni maji," nikawaambia. "Hawa si wangu. Ni wa mkwe wangu."