Mchuzi Aliopewa Moti

Nakumbuka, mwanangu, wakati majirani zetu wa Parklands walipokwenda harusini Kisumu wakamwacha mbwa wao, Moti, kwa mama yangu. Miaka ya sabini hiyo, mimi bado msichana wa shule. Sisi asili yetu Mombasa, tukiishi hapo Parklands kwa kazi ya Baba, karani mjini. Wao walikuwa Wahindi ambao dini yao haikuwaruhusu kula kitunguu wala saumu, basi Moti naye alikulia wali na maziwa.

Mama Nilesh, mwenye mbwa, alituachia mchele na maelezo mafupi. Mama akaitikia vizuri tu. Gari lilipoondoka akaguna, "Masikini ya Mungu! Chakula gani hicho, kama cha mgonjwa?"

Mbwa mwenyewe hakumgusa, maana mate yake kwetu Waislamu ni najisi. Lakini kulisha kiumbe ni thawabu, na kwa thawabu mama yangu humwezi. Kila jioni alisimama wima akammiminia kwenye karai ukoko wa pilau na mchuzi mzito wa vitunguu, saumu tele. Moti alilamba mpaka chini. Mama akafurahi, akazidisha.

Haukupita muda, asubuhi moja mbwa hakuinuka. Fizi zilikuwa nyeupe, mkojo rangi ya chai ya rangi. Mama alimfunga kwa kanga yake mwenyewe, mambo ya najisi kayasahau, Baba akatupeleka kwa daktari wa wanyama karibu na Adams Arcade.

"Anakula nini?" daktari akauliza. Mama akavitaja vyote, tena kwa fahari.

"Kitunguu na saumu, hata vikipikwa, huharibu damu ya mbwa," daktari akasema. "Mmechelewa, mama."

Moti akafa. Majirani waliporudi, Mama alieleza kila kitu, hakuficha. Mama Nilesh alilia, kisha akauliza polepole, "Dada, mimi nilikuachia chakula chake. Wewe ulifikiri namnyima?"

Mama akaingia ndani, akamtolea mchele wake uleule, haujapikwa.

Kwa hiyo, mwanangu, mbwa usimpe kitunguu wala saumu, wala viazi vilivyogeuka kijani, navyo vina sumu. Na ukiachiwa cha mtu, kitunze alivyokuagiza. Ukiona kasoro, muulize mwenyewe, usirekebishe kimyakimya. Mola akujaalie moyo wa huruma, na kabla ya huruma akupe subira ya kuuliza. Amina.