Barua Zilizojua Umri wa Vifaranga

Miaka ya tisini nilikuwa karani katika kituo cha kutotolesha vifaranga mjini Thika, nami nasema bila haya kwamba kituo kile hakijapata karani mwingine kama mimi. Nilitoka Ruiru kila asubuhi, na kufikia saa mbili nilikuwa mezani. Wateja wetu waliondoka na vifaranga wa siku moja katika maboksi yenye matundu, pamoja na karatasi ya maagizo ambayo mwajiri wangu aliipenda mno: joto, maji, chanjo, dawa, yote yamebanwa mbele na nyuma. Niliwahi kumtembelea mteja mmoja nikaikuta imewekwa chini ya sufuria.

Nani atasoma mambo ya wiki ya nne siku ambayo vifaranga wanalia kwa baridi? Nikaachana na karatasi ile, nikaandika barua nne fupi, kila moja na kazi moja, nikazichapa kwa stensili. Kisha nikachukua rafu kuukuu ya trei za mayai nikaigawa vyumba thelathini na kimoja, chumba kwa kila tarehe ya mwezi. Mteja akinunua leo, leo hii naandika anwani yake juu ya bahasha nne, nabandika stempu, na kila bahasha naiweka kwenye tarehe yake. Kila asubuhi nilichukua zilizomo katika chumba cha siku hiyo nikazipeleka posta. Sikuhitaji kumkumbuka mtu yeyote.

"Sasa wewe unaandikia kuku barua?" mwajiri wangu aliniuliza, akacheka mpaka akakohoa. Nilimwacha acheke.

Siku moja akaja mama mjane kutoka Ngoliba. Alikuwa amenunua kwetu vifaranga mwezi uliotangulia. Alifungua gazeti mbele yangu, ndani mna kuku mdogo aliyekufa, na juu yake barua yangu ya chanjo ya Gumboro, ugonjwa unaomaliza vifaranga.

"Barua ni mzuri, msichana wangu," alisema. "Lakini imenifikia wengi wameshakufa."

Nilikuwa nimeiposti siku yenyewe ya chanjo, kama mtu mwenye akili. Sikujua kwamba yeye hana sanduku la posta. Alitumia la shule ya msingi. Mwalimu alilifungua Ijumaa akija mjini, na barua zikagawiwa Jumapili watu wakitoka kanisani. Barua yangu ilikuwa imelala sandukuni siku tano huku kuku wanakufa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mwajiri wangu alisikia yote. Mama alitaka kujaribu mara ya mwisho, vifaranga mia moja, na wakifa angeachana na kuku kabisa. "Hao wakikufa," mwajiri akaniambia, "hiyo rafu inarudi kubeba mayai."

Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyepita mezani kwangu kabla sijamuuliza: unatumia sanduku la nani, na hufunguliwa siku gani? Halafu nikahesabu kurudi nyuma. Barua ya Gumboro ya mama yule ilipaswa kusomwa Jumapili, ichukuliwe Ijumaa, basi iondoke kwangu Jumatano. Nikaiweka kwenye Jumatano hiyo.

Nilikuwa mjamzito, na Jumapili kabla ya Jumatano hiyo nikashikwa na uchungu wa kuzaa, wiki mbili mapema. Nilikuwa sijamfundisha mtu yeyote kazi yangu. Nilichokuwa nimefanya ni kuandika juu ya rafu kwa kalamu nene: TOA ZA LEO, PELEKA POSTA. Nilijifungua msichana, nikarudishwa Ruiru, na hata nikimnyonyesha nilikuwa nawaza rafu. Anayeweza kuitoa barua ile alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyeicheka.

Mtoto alipotimiza mwezi na siku kadhaa, mama wa Ngoliba akabisha hodi. Alikuwa ameelekezwa kutoka ofisini. Aliniletea unga wa uji na ndizi. Kuku hakuleta, na akaniambia waziwazi kwamba wale ni wa mayai, hawachinjwi.

"Wako wangapi?" nilimuuliza kabla hajaketi.

"Wote wako, isipokuwa mmoja alikanyagwa na mbuzi." Kisha akanikazia macho. "Lakini wewe! Umejifungua Jumapili, halafu Jumatano ukaamka kuniandikia?"

"Sikuamka, mama. Niliiandika siku ile uliponunua. Hiyo Jumatano nilikuwa hapa kitandani, nimelala."

"Ai, Ngai! Kumbe wewe hufanya kazi hata ukilala!"

Nililia, mimi nisiyelia ovyo. Nilikuwa najivunia vyumba vile thelathini na kimoja kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mikono yangu, ukimwacha huyo aliyekuwa akinyonya. Mama alimbeba mtoto, akamgeuza huku na huku, ndipo akakumbuka alikuwa na ujumbe.

"Bwana yule wa ofisi anauliza utarudi lini. Anasema rafu imeisha barua, na hajui inajazwa aje."

Nikajipangusa macho, nikamwambia mama amjibu kwamba ninanyonyesha, anisubiri.