Mkazo wa Kinorwe na Mtoto Aliyenyamaza

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, miaka ya elfu mbili na kitu, nilipokuwa bado mbichi na mdomo wangu hauna breki. Tulikaa Crescent Town, mtaa wa wahamiaji huko ughaibuni. Kazi yangu ilikuwa kumtunza Bibi Solveig, mjane wa Kinorwe ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Alipenda nimsomee nyimbo za kanisa lao, na Kinorwe nilikuwa sikijui hata chembe.

Sisi kwenye Kiswahili mkazo tunautua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi nami neno himmelrike nikalisoma hi-me-li-RI-ke. Bibi akagonga meza taratibu. Neno hilo, akanieleza, ni mawili yaliyounganishwa, himmel na rike, mbingu na ufalme. Unalikata pale yalipoungana, na uzito unauweka mwanzoni: HIM-mel, ri-ke. Nilikosea majira yote ya baridi, naye akagonga tu.

Jumamosi hiyo jumuiya yetu ya sala ya Kiswahili ilisali kwetu, wageni wengine wametoka mbali, mtaa wa Malton. Binti yangu Neema, wa miaka tisa, akapewa somo asome kwa Kiswahili. Akasoma, mikazo yote ya Kiingereza. Nikacheka mimi mamaye, nikamwigiza, na wageni wakacheka. Wanasema mcheza kwao hutunzwa, wangu nilimzomea. Akaketi, na tangu hapo kila nikimsemesha alijibu kwa Kiingereza.

Jumatatu nikamsimulia Bibi Solveig kama kichekesho. Hakucheka.

“Na wewe ukikosea hapa,” aliniuliza, “nilikucheka lini?”

Niliona aibu, lakini kiburi kikanizuia kumwomba mtoto radhi. Nikasema atasahau.

Miaka ikapita. Mama yangu akaugua Morogoro, akaomba kwenye simu asikie sauti ya mjukuu wake, hata salamu tu. Nilimpa Neema simu. Akaishika, machozi yakamtoka, akanirudishia.

“Mama, I can't,” alisema. “Atanicheka.”

Mama alizikwa wiki iliyofuata. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi ninaishi nayo nyumba moja.

Kwa hiyo shika hili: kujikwaa si kuanguka. Mtoto akijikwaa kwenye lugha yako, gonga meza, rudia neno, ngoja. Na kama ulishamcheka, kamwombe radhi leo, angali anakusikiliza. Mungu akupe subira niliyoikosa, na wanao wasiogope kamwe kukusalimu.