Karhi ya Maziwa ya Kibuyu

Usiku ule tulikuwa tunamngoja Mbuvi na lori lake. Alikuwa amempeleka Ba hospitalini Kitui asubuhi, na ilipofika saa tatu usiku hakuna mtu mjini Mwingi aliyejua kama yule mama alikuwa hai. Nilikuwa nimeketi jikoni kwa jirani yangu Kalondu, kwa sababu nilikuwa nimeona taa yake haizimwi, nikajua hajala na hatalala.

"Hilo si lori?" nikauliza.

"Ni upepo, Mama Mutindi. Umeuliza mara kumi."

"Na wewe hiyo sufuria umeiosha mara ngapi?"

Akaiweka chini.

Ba alikuwa mjane wa Mhindi aliyekuwa na duka karibu na stendi. Wanawe walimwita hivyo, yaani mama, na mji mzima ukafuata, hata baada ya wao kuhamia Nairobi na kumwacha na duka. Kalondu aliajiriwa jikoni mwake mwaka wa 1965, msichana ambaye hakujua hata kuwasha stovu ya mafuta ya taa. Ba alimfundisha kila kitu. Viatu huachwa nje ya mlango. Nyama na mayai havipiti hapo. Mikono huoshwa kabla ya kushika unga. Na kila Jumamosi, karhi, ule mchuzi wao wa maziwa lala, yaani yaliyoganda.

Kalondu alileta mapishi hayo hata nyumbani kwake. Mume wake Jonah alicheka siku ya kwanza. "Maziwa yanapikwa na pilipili? Hawa watu wameishiwa na mboga?" Jioni hiyo hiyo tulimkuta akikwangua sufuria kwa kipande cha ugali, na tangu hapo alikuwa anauliza Jumamosi ni lini.

Halafu ukaja mwaka wa 1984, ule wa njaa na mahindi ya njano ya msaada. Ng'ombe walikufa, na mama aliyekuwa akimuuzia Ba maziwa akaja kusema hana tena. Ba alikaa wiki nzima bila karhi. Kalondu alikuwa na mbuzi mmoja anayekamuliwa, na maziwa yake kidogo ndiyo watoto wake walikuwa wakinywea chai. Akayakusanya siku tatu kwenye kibuyu mpaka yakalala, akampelekea Ba, akampikia.

Sasa, sisi kibuyu cha maziwa tunakisugua ndani kwa kijinga cha moto mpaka kiwe cheusi. Ndivyo kinavyosafishwa, na maziwa hutoka na harufu ya moshi. Kwetu maziwa yasiyo na moshi ni kama maji tu. Kalondu hata hakulifikiria jambo hilo. Ba alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Umeunguza."

"Sijaunguza, Ba. Ni kibuyu."

"Miaka kumi na tisa nakufundisha, na leo unanilisha makaa?"

Kalondu hakusema kwamba watoto wake walikuwa wamekunywa chai ya rangi siku tatu. Alitundika aproni kwenye msumari, akavaa viatu, akaenda. Ba hakumwita. Kwa wiki tatu nilimwona Kalondu akivuka barabara ili asipite mbele ya duka lile. Na Ba, ambaye sasa ilimbidi ajipikie mwenyewe, aliacha kupika, akaacha kula, mpaka Mbuvi akamkuta ameanguka nyuma ya mizani.

Lori lilikuja karibu saa nne. Mbuvi aliingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Yuko hai," akasema. "Nimemrudisha. Amekataa kulazwa."

Kalondu alishika meza. "Daktari alisema nini?"

"Tumbo limekauka kwa kutokula. Apewe vitu laini. Pale walimpa yai la kuchemsha, akageuza uso. Wakamletea supu ya mbuzi."

"Supu ya nyama! Walitaka kumuua?"

"Dada, usinipigie kelele, si mimi niliyepika. Uji pia amekataa. Amejifungia ndani kwa komeo, na mwanawe anakuja kesho saa sita kumchukua. Duka litafungwa." Mbuvi akasimama. "Asipokula kitu kabla ya safari ile, mimi sijui kama atafika Nairobi."

Alipoondoka, Kalondu aliinuka. Akachukua kibuyu pale ukutani, akakitikisa kusikia mna maziwa kiasi gani.

"Ya kibuyu tena?" nikamuuliza. "Si ndiyo yaliyowagombanisha?"

"Una mengine?"

Sikuwa nayo.

Alipika alfajiri, nami nikimwangalia. Alimimina vikombe viwili vya maziwa, akatia vijiko viwili vya unga wa dengu za Kihindi, ule wa kupikia bajia, akapiga mpaka madonge yakaisha. Maji vikombe vitatu, manjano kidogo, tangawizi iliyopondwa, chumvi, sukari ya kuonja tu. Pilipili hakutia, kwa ajili ya lile tumbo. Akaweka motoni na kuanza kukoroga.

"Huwezi kuacha hata kidogo," akaniambia. "Ukiacha kabla hayajachemka, yanakatika, yanakuwa maji na mabonge."

Mchuzi ulipokuwa mzito kama uji mwepesi, alipasha samli kijiko kimoja, akatupia bizari nyembamba na mbegu za haradali. Zikaruka, akamwagia juu. Harufu ilikuwa nzuri sana. Moshi ulikuwamo, huwezi kusema haumo.

Tulifika saa mbili kwenye mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Kalondu akabisha. Akabisha tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

"Ni mimi, Ba."

"Mimi nani?"

"Kalondu."

"Kalondu aliacha kazi."

"Ndiyo, Ba. Leo nimekuja kama mgeni."

Nilimtazama Kalondu, naye alitazama ule mlango aliokuwa akiufungua kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa.

"Umeleta nini?"

"Karhi."

"Ya maziwa gani?"

Nilimfinya mkono. Sema ya ng'ombe, nilimwambia kwa macho. Kwanza afungue, mengine yatajulikana akishaonja. Kalondu akautoa mkono wangu polepole.

"Ya mbuzi wangu, Ba. Ya kibuyu. Moshi umo."

Tukasikia ndara zikiburuzwa sakafuni, na mimi nikajua anarudi kitandani. Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Sufuria ilikuwa inapoa. Kisha ndara zikasikika tena, karibu, na komeo likakwaruza, likakwama, likatoka.

Ba alisimama ameshika fremu ya mlango, sari yake nyeupe ikimning'inia kama imetundikwa. Hakututazama usoni. Alitazama miguu yetu.

"Vueni viatu," akasema, akausukuma mlango wote wazi.