Fundi Mizani Aliyekaa kwenye Kiti cha Binti Yake

Jina lake lilikuwa la thelathini na moja katika orodha iliyobandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mtihani, na pembeni ya jina ilikuwapo picha yake: kipara, masharubu, miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Waliosongamana mbele ya orodha hiyo walikuwa watoto wa sekondari waliovaa sare. Binti yake, ambaye ndiye aliyekuja kufanya mtihani, aliipitia orodha kwa kidole kutoka juu hadi chini mara tatu, kisha akamgeukia.

"Baba, mbona uko hapa wewe?"

"Si nimekusindikiza, mama."

"Sisemi hapa chini. Nasema hapa juu."

Fundi aliinua macho. Aliniambia kwamba kwa muda fulani aliitazama sura ile kama sura ya mtu anayedaiwa kufanana naye.

Nimezungumza naye vikao vinne, vyote katika karakana yake, na kando yake nimemhoji binti na mama wa binti. Pale maelezo yao yanapopishana nitasema.

Ni fundi wa mizani. Karakana ni chumba cha hatua tatu kwa tano, kimebanwa kati ya mchonga funguo na ukuta wa ghala. Huletewa mizani za bucha, za wauza nafaka, za zahanati zinazopimia watoto wachanga. Mawe yake ya kupimia, yaliyo ya shaba, huyashika kwa kitambaa, kwa maelezo kwamba jasho la vidole nalo lina uzito. Mtaa mzima humwita Gramu, na jina hilo halikuanza kama sifa. Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alinieleza lilivyoanza: "Alirudisha nyama buchani kwa sababu imezidi. Imezidi, mwanangu! Nani anarudisha nyama iliyozidi?"

Shule aliiacha darasa la nane. Hakufeli. Mjomba wake, aliyekuwa na karakana hiyo kabla yake, alihitaji mikono miwili ya ziada, na mikono iliyopatikana karibu ilikuwa yake.

Binti ni mtoto wao pekee. Alitaka kusomea ufamasia, na njia ilikuwa moja: mfuko wa ufadhili ambao kila mwaka huchukua vijana arobaini kwa mtihani wa hesabu na fikra. Akiupata, anakwenda chuoni. Akiukosa, anakaa cherehanini kwa mama yake. Hayo yote watatu waliyajua, na kwa hiyo hawakuyazungumza.

Maandalizi yalisimamiwa na baba, kwa namna anavyosimamia kila kitu. Alinunua vitabu viwili vya mitihani ya mazoezi, akazikata kurasa kwa wembe, na kila jioni baada ya chakula akampa binti karatasi moja na kuweka saa mezani. Akisahihisha, alisahihisha kwa kulinganisha na majibu ya nyuma ya kitabu. Binti aliamini kwamba baba yake haelewi hata nusu ya anayoyasahihisha. "Nilikuwa namwonea huruma," alisema. "Anaweka vema, anaweka mkasi, kama mtu anayehesabu magunia."

Siku chuo kilipofungua milango kwa wazazi, walikwenda pamoja. Binti aliomba jambo moja tu: baba asiongee. Alijitahidi mpaka maabara ya tatu. Hapo kijana aliyekuwa akiwatembeza alipoonyesha mizani ndogo ya dawa iliyo ndani ya sanduku la kioo, fundi akainama.

"Hii meza iko sawa?"

"Ipo sawa, mzee."

"Haipo sawa. Tazama kiputo kwenye kioo cha kusawazisha. Mgonjwa atakunywa dawa ya meza iliyopinda."

"Baba, twende."

"Naenda, mama. Namwonyesha tu."

Fomu ya maombi ilikuwa ya mtandaoni, na hakumruhusu mtu mwingine kuijaza. Kosa lenyewe lilitokea hapo, na nimemfanya alieleze mara mbili ili nisimwonee. Ukurasa wa kwanza ulidai namba ya kitambulisho. Binti ana miaka kumi na saba, hana kitambulisho. Baba akaingiza namba yake. Mfumo, bila kumuuliza neno, ukaleta jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na picha yake.

"Nikasema, vizuri, wameona mzazi ni nani. Ukurasa wa pili waliuliza shule, nikaandika shule ya mtoto. Nikatuma."

"Na kadi ya mtahiniwa ilipokuja na picha yako?"

"Nilidhani ni kadi ya mlezi. Kwamba mtoto haingii mpaka mlezi ajulikane." Alivua miwani. "Nilihakiki ile fomu mara nne. Nne. Kila herufi ilikuwa sahihi."

Turudi mlangoni. Msimamizi mkuu wa mtihani, mwanamke mwenye kipaza sauti kilichoning'inia shingoni, alisikiliza, akatazama kadi, akamtazama fundi, akaitazama tena kadi.

"Aliyesajiliwa ni wewe."

"Ni makosa, mama. Mtihani ni wa huyu."

"Huyu simjui. Hayumo kwenye orodha. Siwezi kumwingiza mtu asiyemo."

Binti alianza kulia kwa kujizuia, mabega tu yakitikisika. Zilibaki dakika kumi na mbili kabla ya saa tatu. Msimamizi, ambaye fundi anasisitiza kuwa alikuwa mtu wa haki, alishusha sauti.

"Nisikilize, baba. Faili lisilohudhuria hufungwa leo, na likifungwa mwaka umekwisha. Faili lililohudhuria naweza kuliandikia ripoti kwamba lilisajiliwa vibaya, na mtoto akapangiwa mtihani wa akiba Alhamisi. Lakini lazima lihudhurie."

"Lihudhurie vipi?"

"Uingie. Ukae. Ujibu maswali yasiyopungua kumi, chini ya hapo huhesabiwi umekuja."

"Mimi?"

"Sura kwenye kadi ni ya nani?"

Kwa hiyo mtu wa miaka arobaini na tisa aliingia kwenye ukumbi wa vijana mia mbili na themanini. Kiti kilikuwa kidogo. Magoti yaligusa meza. Kijana wa upande wa kushoto alimnong'oneza, "Shikamoo mwalimu, tunaanza saa ngapi?" Alijibu marahaba, na kwamba yeye si mwalimu. Kijana akamtazama mpaka alipoambiwa atazame mbele.

Maswali yalikuwa sitini. Alijibu kumi ya kwanza, akaweka kalamu chini. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na mbili. Anakumbuka kwa kuwa saa ya ukutani ilikuwa mbele kwa dakika mbili na alizitoa. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kuinuka.

Alipotoka, saa sita kasoro, alikuwa wa mwisho. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi.

"Umejibu ngapi?"

"Kumi."

"Sasa saa tatu zote ulikuwa unafanya nini?"

"Walikataza kutoka," akasema fundi, ambaye katika maisha yake yote alikuwa hajapata kumdanganya mtoto huyo.

Ripoti iliandikwa. Alhamisi binti alifanya mtihani wa akiba, wenye maswali tofauti, chini ya jina lake mwenyewe. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Mama mtu ndiye aliyeifungua, kwenye meza ya kushonea, mkasi ungali mkononi. Binti alikuwa amepata alama arobaini na saba kati ya sitini. Kiwango cha kuchukuliwa kilikuwa arobaini na nne. Mama alipiga kigelegele kilichomtoa mchonga funguo dukani kwake. Binti aliendelea kusoma. Halafu akaketi juu ya lundo la sare.

Aya ya pili ilisema kwamba nafasi yake imesimamishwa. Karatasi ya kwanza iliyofanywa kwa faili hilo ilikuwa imepata hamsini na mbili. Jopo la mfuko lilitaka kujua ni vipi fundi asiyemaliza sekondari amepata alama hizo, nani alimpa majibu, na kama kuingia kwake ukumbini kulikuwa mpango wa kumtazamia mtoto maswali.

"Hamsini na mbili," binti akasema. "Baba. Uliniambia kumi."

Mkewe alimgeukia. "Wewe! Hamsini na mbili umezitoa wapi?"

Mama anasema fundi alikuwa mweupe kama chaki. Binti anasema alikuwa mwekundu masikioni. Mwenyewe anasema hakumbuki alikuwa na rangi gani, anakumbuka tu kwamba alitaka kulitafuta jiwe la kilo tano alishike. Kwa siku sita zilizofuata binti hakumsemesha. Chakula aliweka mezani na kuondoka. "Sikukasirika kwa sababu amenishinda," aliniambia, kisha akajisahihisha: "Nilikasirika kwa hilo pia."

Jopo lilikuwa na watu watatu: mwenyekiti, karani, na mwalimu wa hesabu kutoka chuoni. Mbele yao zilikuwa karatasi za rafu alizofanyia fundi hesabu zake, zimejaa michoro ya mizani yenye sahani mbili. Mwalimu wa hesabu aliinua moja.

"Swali la ishirini na mbili. Namba fulani ikizidishwa kwa tano na kuongezwa saba ni sawa na namba hiyo ikizidishwa kwa mbili na kuongezwa ishirini na nane. Hii michoro ni alama za kupeana majibu?"

"Hapana, mwalimu. Ni mizani. Sahani hii ina vifurushi vitano na jiwe la saba. Hii ina vifurushi viwili na jiwe la ishirini na nane. Zimetulia sawa. Natoa vifurushi viwili huku na viwili huku. Natoa saba huku na saba huku. Vimebaki vifurushi vitatu, na ng'ambo ishirini na moja. Kila kifurushi ni saba."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Ndivyo ilivyo."

Mwenyekiti hakuridhika. Hilo, alisema, mtu anaweza kulikariri akijua ataulizwa. Akamtaka mwalimu atoe jipya, hapo hapo, kwa mdomo. Mwalimu alifikiri kidogo.

"Namba ukiitoa robo yake, kisha ukaongeza kumi, bado imepungua mbili kufikia ilivyokuwa mwanzo."

Binti alikuwa amekaa nyuma ya baba yake. Anasema alianza kuandika kwenye kiganja, na alikuwa hajafika mstari wa pili.

"Arobaini na nane," akasema fundi. "Umetoa robo, umerudisha kumi, umekosa mbili. Basi robo ilikuwa kumi na mbili."

Karani, ambaye hakuwa na kazi ya kutoa maoni, alisema "Mh!" kisha akainamia daftari lake. Walimpa mengine manne. Alijibu yote, moja baada ya kuomba lirudiwe.

"Kama ulijua," mwenyekiti akauliza, "na uliambiwa kumi yanatosha, kwa nini uliendelea? Ulijua ni faili la mtoto?"

Fundi aligeuka akamtazama binti yake, ndipo akajibu.

"Nilinogewa, mwenyekiti. Nilisema nitazame tu la kumi na moja. Nyumbani nilikuwa nafanya kila karatasi karakanani mchana kabla sijampa yeye jioni, lakini hakuna aliyekuwa akinisahihisha. Pale nilijua kuna mtu atasahihisha. Nilimsahau mtoto. Saa mbili na nusu nzima nilimsahau mtoto wangu, na nikamdanganya. Adhabu kama ipo, iwe yangu."

Walitolewa nje kwa robo saa. Waliporudi, mwenyekiti alisoma uamuzi: nafasi ya binti imethibitishwa, karatasi ya baba inafutwa, kwa kuwa haikuwa ya mwombaji halali, na baba atie saini. Alitia saini. Binti alitazama mkono wake ukiandika na, kwa maneno yake mwenyewe, akahisi kama ameshuhudia kitu kikivunjwa huku watu wakimpongeza yeye.

Fundi hakurudisha kalamu.

"Naomba kitu kimoja. Nijue niliyoyakosa. Ni manane."

"Karatasi imefutwa, mzee. Kanuni hairuhusu."

Hapo binti, katika siku ya saba ya kimya chake, akasimama. "Mwenyekiti, mwonyesheni, tafadhali. Hamjui mnachotufanyia nyumbani. Hatakula huyu."

Mwalimu wa hesabu alicheka, akaivuta karatasi upande wake, akaigeuza ili isomeke kutoka ng'ambo ya meza. Baba na binti waliinama pamoja. Saba aliyakubali moja moja, akitikisa kichwa. La nane liliuliza kuhusu mizani ambayo kila ikiwekewa gramu mia tano huonyesha mia tano na saba. Jibu la wenye mtihani lilikuwa kwamba mizani hiyo inaaminika, kwa kuwa haibadiliki. Yeye alichagua kwamba haifai kutumika.

Niliuliza, kwenye kikao cha mwisho, kama kuna mtu yeyote katika jopo, au nje ya jopo, aliyewahi kumwambia kwamba yeye mwenyewe angeweza kusoma. Kinasa sauti kina sekunde arobaini na moja ambazo ndani yake husikika tu mashine ya mchonga funguo. Kisha sauti yake inarudi, imepanda kidogo.

"Lile la nane walikosea wao. Nimewaandikia barua mbili. Binti amenisaidia hii ya pili. Hawajajibu."

Binti yuko mwaka wa kwanza wa ufamasia. Barua ya tatu, nilipokuwa natoka, ilikuwa juu ya meza, imeandikwa nusu.