Web app yangu ilivyompelekea Bi Saumu mikate ambayo hakuiagiza

Wakuu, habari za mihangaiko.

Haya yametokea kwetu Tanga na yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Ilivyokuwa tu inatosha kunidhalilisha.

Kazi yangu ni kutengeneza web app. Dada yangu Mwanaidi anapika kwa oda: mikate ya kumimina, vileja, visheti. Wateja wake wanaanzia Ngamiani hadi huko Tongoni. Tatizo lake lilikuwa simu. Mikono imejaa unga wa mchele, simu inaita, anapokea kwa kiwiko.

Nikamwambia, dada, hili nakumalizia kabla ya Ramadhani.

Nikatengeneza web app ya mteja kuagiza bila kupiga simu. Kwenye laptop yangu, kwa intaneti ya ofisini, ilikuwa inateleza vizuri mno. Dada akaiangalia, akasema "Mashaallah," nami nikaamini kazi imekwisha. Mnaoandika code mnajua hapo ndipo balaa huanzia.

Mfungo ulipoanza ikaingia oda ya Bi Saumu wa Tongoni.

Huyu mama hakuwa mteja wa hivi hivi. Alikuwa anaozesha binti yake baada ya Idi, na vitafunio vyote vya harusi alishasema vitatoka kwa dada. Oveni ya dada ilikuwa imechoka, upande mmoja inaunguza, upande mwingine haiivishi. Harusi ile ndiyo ingeleta oveni mpya. Dada alikuwa anaiombea dua kabisa.

Sasa, Bi Saumu aliagiza mikate miwili ya futari. Kwa dada zikaingia oda tatu, kila moja mikate miwili. Dada hakushangaa, maana mwezi ule mtu kufuturisha wageni ni jambo la kawaida. Akapika yote sita, akampa bodaboda.

Upande wa pili Bi Saumu alikuwa amebonyeza, hakuona kitu, akakata tamaa, akanunua mkate kwa jirani. Ndipo bodaboda akafika na mzigo.

Simu aliyopiga jioni ile siiandiki yote, kwa heshima ya mwezi. Kipande kidogo tu: "Mwanaidi, unanionaje mimi? Majirani wananiuliza kama nina hitma, nimefiwa na nani!"

Akamalizia kwa kusema habari ya harusi ataifikiria upya.

Dada hakunigombeza. Ningependelea anigombeze. Alisema tu, "Kesho nenda Tongoni ukamwombe radhi. Na hicho kitu chako ukitengeneze au ukitoe."

Nikaenda. Mlango wa Bi Saumu ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, kimya. Nikapiga ya tatu.

Kwa msiotoka pwani: kwetu hodi ni mara tatu. Usipoitikiwa unaondoka, na huna haki ya kununa.

Nilishageuka niondoke, sauti ikatoka uani: "Karibu! Subiri hapo mwanangu, nakamua tui!"

Nikasubiri. Jua la mchana, funga imenibana, na yule mama alikuwa na nazi nyingi. Lakini sikuona taabu yoyote, nilisimama pale nimetulia kabisa.

Alipotoka nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kavu. Nikaomba radhi, kisha nikamwomba anionyeshe alivyoagiza siku ile.

Akachukua simu yake, kioo kina ufa, network ya pale inakuja na kuondoka. Akabonyeza Agiza. Hakikubadilika kitu. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Halafu akaiweka simu kitini taratibu, kwa ustaarabu, akakunja mikono.

"Umeona?" akaniambia. "Naita, kinaninyamazia. Mimi mtu mzima niendelee kugonga kwa nani?"

Wakuu, niliona aibu na nikafurahi kwa wakati mmoja.

Kile kitufe kilikuwa kinapokea oda vizuri tu, zote tatu. Ila hakikuwa kinamwitikia mtu. Kilikuwa kinangoja server imalize shughuli zake zote ndipo kiseme neno. Kwenye laptop yangu neno lilikuja upesi nisione pengo. Tongoni pengo hilo lilitosha mtu kutoka, kununua mkate na kurudi. Mama wa watu alikuwa amepiga hodi zake tatu kwangu, akaondoka kama alivyofundishwa.

Ilibidi nimpigie dada haraka kumwambia oda zilizoingia muda ule asizipike. Alishaanza kuroweka mchele.

Bi Saumu akanipa nafasi moja. "Kikinidharau tena harusi naipeleka kwingine, na dada yako asininunie."

Nikarudi kufanya kazi, safari hii kwenye simu ya bei ya chini na network nimeipunguza makusudi. Kitufe kikiguswa tu kinabadilika rangi na kuandika "Tumepokea, subiri kidogo", na hakikubali kubonyezwa tena. Oda ile ile ikija mara mbili server inaitambua na kuiacha moja. Picha za vileja nilizipunguza uzito na kuzitengea nafasi mapema, maana zilikuwa zikichelewa kufunguka zinasukuma ukurasa chini, mtu anagusa vileja anapata visheti. Hilo hakuna aliyekuwa amelilalamikia. Nadhani walikuwa wanakula tu.

Server sikuigusa. Kasi yake ni ile ile ya zamani.

Siku chache kabla ya Idi tupo jikoni, simu ya dada ikalia. Oda ya Bi Saumu, vitafunio vya harusi nzima. Dada akaisoma, halafu akashusha kidole kutafuta ya pili. Hakuiona. Akashusha tena. Ilikuwa moja.

Akasema "Alhamdulillah," akaketi juu ya gunia la mchele, akalia. Mimi nikaanza kuosha masinia.

Nilichojifunza ni kwamba mtu wa simu anaweza kusubiri muda mrefu sana, mradi ajue amesikika. Kabla hujahangaika kuongeza kasi, hakikisha app yako inaitikia pale pale inapoguswa. Na kaijaribu huko wateja wako waliko, kwa simu zao.

Wenye uzoefu karibuni mnikosoe, na wenye visa vya namna hii mviweke hapa. Mnaouliza kuhusu oveni: mpya imeshafungwa jikoni, inaivisha pande zote, na bado sijaruhusiwa kuigusa.